Nguzo zimefika kijijini ila ndani bado giza: jinsi ya kuingiza umeme kwenye kaya na kitongoji chako

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya watu wa vijijini, na nyie mliopo mjini ila wazee wapo kijijini, manake kila siku naona mtu anauliza "kijijini kwetu umeme umefika, mbona kwa bi mkubwa bado wanawasha kibatari?" na majibu anayopewa ni ya kubahatisha tu. Mimi ni fundi, nafunga sola na nafanya wayaring huku mikoa ya kati. Ninayoandika ni ya Tanzania Bara, wenzetu wa Kenya, Uganda na visiwani sehemu ya sola na ya kikundi itawafaa hivohivo, ila ya TANESCO na REA wafuate taratibu za kwao.

Kwanza tuelewane hapa. REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, ilianzishwa kwa sheria ya 2005 ikaanza kazi 2007, na leo vijiji vyote 12,318 vya Bara vinahesabika vimefikiwa na umeme. Ni kazi kubwa, waliokaa gizani miaka yote wanaijua thamani yake. Lakini kijiji "kufikiwa" maana yake laini imeingia na transfoma imesimama mahali, mara nyingi senta, karibu na shule na ofisi ya mtendaji. Vitongoji ni zaidi ya elfu 60 na kuvifikia bado kunaendelea, na hata kitongoji chenye laini utakuta huyu ana mita, jirani yake anayepitiwa na waya juu ya bati hana. Kwaiyo shida haipo kule tu ambako nguzo hazijaenda, ipo mpaka chini ya nguzo, na hiyo ya chini ya nguzo inaniuma zaidi kwa sababu inatatulika kwa hela na taarifa ambazo watu wanaweza kuzipata.

Anza na hesabu ya unachochoma sasa hivi

Usikimbilie kuuliza sola bei gani. Chukua daftari, mwezi mzima andika kila shilingi inayoenda kwenye mwanga na nishati: mafuta ya taa, betri za tochi na redio, hela ya kuchajisha simu senta, na kama kuna mtu anapanda boda kupeleka simu kuchaji andika na nauli. Mkaa na kuni andika pembeni, tutavirudia. Watu wengi wakishaandika wanashtuka, manake mia mbili mia tatu za kila siku huwa hazionekani. Hiyo jumla ndio bajeti yako halisi, ndio inakuambia unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi bila kuuza mbuzi.

Kitu cha pili, pima umbali kutoka ukuta wa nyumba mpaka nguzo ya karibu yenye waya za umeme mdogo, sio ile laini kubwa inayopita kwenda kijiji kingine. Mita 30 ndio mpaka wa muhimu. Ukiwa ndani ya hizo 30 unaunganishwa bila kuongezewa nguzo, ukiwa nje yake stori inabadilika.

Ukiwa karibu na nguzo: gridi ndio jibu

Sitaki kupindisha, kama upo ndani ya mita 30 usinunue sola kubwa, vuta umeme wa TANESCO. Kuunganishwa kijijini kwa singo fezi, ule umeme wa kawaida wa nyumbani, ni shilingi 27,000, iwe mkandarasi wa REA yupo bado site au ameshaondoka na kuikabidhi TANESCO. Tatizo la watu sio hiyo 27,000, tatizo ni wayaring, manake nyumba ya vyumba vitatu waya, mabomba, swichi, soketi, bodi, ethi (waya na rodi ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) na hela ya fundi vinaweza kula laki kadhaa, na hapo ndipo wengi wanakwama miaka.

Njia ya kwanza ya kukwepa huo mkwamo ni kufanya wayaring ndogo. Hakuna sheria inayosema lazima ufunge soketi kila chumba siku ya kwanza. Weka taa mbili au tatu, soketi moja sebuleni, bodi yenye nafasi ya kuongeza breka baadae, basi. Njia ya pili inaitwa UMETA, kirefu chake Umeme Tayari. Ni kiboksi kinachofungwa ukutani, ndani yake kina breka, soketi na sehemu za taa, kwaiyo nyumba haihitaji kufanyiwa wayaring nzima, na kinafaa sana nyumba ndogo na nyumba za tope ambazo watu wanaambiwa hazifai umeme. Uliza ofisi ya TANESCO ya wilaya au mkandarasi kama vipo, uliza kwa jina hilohilo UMETA, usikubali jibu la "nyumba yako haina hadhi".

Fundi wako awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mwambie akuonyeshe. Ukiwa na fundi wa kweli anakuchorea mchoro, anajaza na kugonga muhuri fomu, na anapima ethi. Hapo kwenye ethi nikae kidogo. Huku kwetu ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, fundi mvivu anakata ile rodi ya shaba nusu anachomeka kipande kifupi halafu anafukia, juu huwezi kujua kitu. Siku friji au pasi ikivujisha umeme kwenye bati lake, ule umeme unatakiwa ukimbilie ardhini kupitia hiyo rodi, na rodi ikiwa fupi kwenye udongo mkavu unapita kwa mtu aliyeshika. Kwaiyo simama pale inapogongwa, uione inazama yote, ikiwezekana ichomekwe sehemu yenye unyevu kama karibu na bafu la nje. Na soketi zipitie breka ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja, sio breka za kawaida peke yake. Waya wa soketi ni wa unene wa 2.5 (milimita za mraba), wa taa 1.5, ukiona fundi anaweka 1.5 kila mahali msimamishe.

Wayaring ikiisha unaomba. Kuna mfumo wa NiKonekt wa TANESCO unaomba kwa simu, unahitaji namba ya NIDA, au nenda ofisini kama intaneti inasumbua. Atakuja mpimaji aangalie umbali na wayaring, kisha unatumiwa namba ya malipo unalipia kwa simu au benki. Sikilizeni hapa vizuri: hela yote inaenda kwenye hiyo namba ya malipo. Hakuna hela ya "surveya", hakuna hela ya "kuharakisha faili", hakuna nguzo inayouzwa na mtu mwenye pikipiki. Vishoka ndio wanaokula hela za wazee wetu, wanakuja na ovaroli na kofia ngumu, wanajua majina ya watu wa ofisini, wanaondoka na laki ya mzee aliyeuza mahindi. Mzee wako mwambie kabisa, mtu akitaka cash mkononi ampigie simu mtoto kwanza.

Ukishapata mita ya LUKU angalia upo tarifu gani. Kaya ndogo inatakiwa iwe D1, ambayo yuniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ukijumlisha inafika 122, mradi usizidishe yuniti 75 kwa mwezi. Kwa D1 buku inakupa yuniti 8 na kitu. T1, tarifu ya wanaotumia zaidi ya hapo, ni 292 kabla ya makato, buku hiyohiyo inakupa kama yuniti 2.8. Unaona tofauti. Ukiona kwa bibi mwenye taa tatu na redio buku inatoa yuniti mbili na kidogo, basi amewekwa T1, nenda na namba ya mita ofisini uombe abadilishwe. Ila angalia pia kama siku hiyo alikatwa kodi ya jengo, manake ile inakatwa kupitia LUKU na watu wanadhani tarifu imepanda.

Ukiwa mbali: kitongoji kizima kiombe, sio mtu mmoja

Nyumba ipo mita 400 kutoka nguzo ya mwisho, peke yako ukiomba utaambiwa usubiri mradi, au utapigiwa hesabu ya nguzo ambayo huiwezi. Hapa nguvu ipo kwenye wingi. Kaeni kitongoji, muorodheshe kaya zote kwa majina ya wakuu wa kaya, pembeni muandike nani yupo tayari kulipa 27,000 na nani ameshaanza wayaring. Kisha muorodheshe huduma zilizopo au zinazokuja: shule shikizi, zahanati, kisima, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga ya dizeli, duka lenye friji. Hii orodha ndio inayofanya barua isomwe, manake barua ya "tunaomba umeme" zipo lundo, ila barua inayoonyesha kaya ngapi zitalipia na mashine gani zitawashwa inamsaidia meneja kukutetea kwenye mipango.

Iende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kwa utaratibu unakaa kila miezi mitatu, iingie kwenye muhtasari, mtendaji asaini na kugonga muhuri. Nakala moja kwa meneja wa TANESCO wilaya, moja REA, moja kwa diwani, moja ofisi ya mbunge, na kila nakala mnayopeleka mrudi na nakala yenu iliyogongwa "imepokelewa" na tarehe. Bila hiyo mhuri mwakani mtaambiwa hatujawahi kuona barua yenu.

Alafu ulizeni swali moja mahususi: kitongoji chetu kimo kwenye wigo wa mkandarasi aliyepo sasa au hakimo? Wakandarasi wanapewa idadi ya wateja wa awali na urefu wa laini, zikiisha wanahama. Kama mpo kwenye wigo, kazi yenu ni kuwa tayari kabla hajafika. Nimeona kitongoji transfoma imefungwa, mkandarasi kakaa wiki kadhaa anasubiri wateja, watu hawajafanya wayaring hata mmoja, kaenda zake, na mpaka leo wale wanafuatilia mmojammoja. Na njia ya nguzo mkubaliane mapema. Miradi ya REA kwa kawaida haina fidia ya mti au kipande cha shamba, kwaiyo mtu mmoja akikataa mwembe wake usikatwe laini inazunguka na nyumba kadhaa zinabaki nje ya mita 30. Mzee wa busara aende kuongea nae kabla ya mkandarasi kufika, sio siku watu wanakuja na misumeno.

Kuna maeneo ambayo gridi ya taifa itachelewa kweli, visiwa vya ziwani, mabondeni. Huko wapo walioweka gridi ndogo ya kijiji, kama Ukara kule Ukerewe walioweka ya jua, na Mawengi kule Ludewa ambako maji ya mto ndio yanazungusha mtambo na jamii yenyewe ndio mwenye mali. Ni njia nzuri ila inataka mwekezaji au shirika, kibali cha EWURA na uongozi usioyumba, sio kitu cha kuanzisha kwa michango ya mwezi mmoja. Kama kijiji chenu kina maporomoko ya maji yasiyokauka kiangazi, waambieni REA kwa barua.

Sola, na hapa ndio watu wanapigwa

Wakati mnasubiri, watoto wanasoma leo. Sola ya nyumbani sio ya kusubiria tu, kwa kaya iliyotawanyika mbali ndio umeme wenyewe kwa miaka mingi. Ila ifanyiwe hesabu, usinunue kwa kuangalia ukubwa wa boksi.

Hesabu iko hivi. Kila kifaa chukua wati zake zidisha masaa unayokiwasha, unapata wati-saa. Taa 4 za LED za wati 5, masaa 5, ni 100. Redio ya wati 5 masaa 6 ni 30. Simu tatu weka 30. Tivii ndogo ya DC (inayokula umeme wa betri moja kwa moja) ya wati 20 masaa manne ni 80, king'amuzi chake wati 10 masaa manne ni 40. Jumla wati-saa 280 kwa siku. Huku kwetu jua la nguvu kwa siku lihesabu kama masaa 5, na mfumo wowote unapoteza njiani, kwaiyo paneli ya wati 100 usiihesabu 500, ihesabu 350. 350 inaitosha 280 na chenji inabaki, ila masika mawingu yakishika wiki nzima haitoshi, ndio maana mwenye uwezo namwambia afike 150 au aweke mbili za mia.

Betri nayo uitake ikubebe siku mbili, yaani wati-saa 560. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwaiyo unahitaji mara mbili yake, 1,120, gawanya kwa volti 12 unapata kama 93, hizo ni AH (ampea-saa, ukubwa wa betri), unanunua ya 100AH. Ya lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80, kwaiyo ya 50 mpaka 60AH inatosha, bei yake ipo juu ila inadumu miaka mingi zaidi. Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni kwamba betri ya asidi ya 100AH ukiifunga na paneli moja ya wati 100 haishibi. Inakula kidogo kila siku, haijai, na betri ya asidi isiyojaa inakufa mapema. Ukichukua betri kubwa chukua na paneli za kutosha, la sivyo chukua betri ndogo.

Betri ya gari usinunue. Najua ipo kila mahali na bei inavutia. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi sekunde chache gari iwake, sio kushushwa kila usiku, ukiitumia kwa taa mwaka haumalizi vizuri. Na betri ya asidi yenye vifuniko inaongezwa maji ya betri yale safi, haiongezwi asidi wala maji ya kisima.

Paneli feki zipo nyingi. Paneli ya kweli ya wati 100 ni karibu mita moja kwa nusu mita na zaidi kidogo, na ina uzito kama wa kilo 6 mpaka 8 ikiwa na kioo na fremu. Ukiona ya urefu wa mkono imeandikwa 100W, ni stika hiyo sio paneli. Nenda dukani na mita ya fundi ya kupimia volti na ampea (multimita), zile za bei ya kawaida zinatosha, itoe paneli juani saa sita, pima volti, ile ya mfumo wa 12 bila kufungwa na kitu inatakiwa isome 21 mpaka 22. Kisha weka mita kwenye ampea, soketi ya 10A, shika nyaya mbili za paneli moja kwa moja kwenye mita, ya wati 100 jua likiwa kali inatakiwa ikaribie ampea 5.5. Ikikuletea 2, irudishe. Muuzaji akikataa usipime, toka. Na taa za kubeba na vile vifurushi vya sola vya nyumbani angalia waranti iliyoandikwa, alama ya ubora, na uliza spea na fundi wao yupo wilaya gani.

Kuhusu kukopeshwa sola na kulipa kidogo kidogo kwa simu, ni njia halali na imewawasha watu wengi sana Afrika Mashariki. Fanya hivi tu: zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, ongeza kianzio, alafu linganisha na bei ya cash ya vifaa vyenye wati na AH hizohizo. Uliza na mkulima afanyeje miezi ambayo hana hela, kifaa kinazimwa tu au kinachukuliwa? Kwenye mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa usiweke sahihi.

Kufunga sasa. Sisi wa Tanzania tupo kusini mwa ikweta kwaiyo paneli itazame kaskazini, ilale kidogo tu kama nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua ioshe vumbi. Kivuli hata cha tawi moja au waya wa antena kinakata umeme mwingi kuliko unavyodhani, panda juu asubuhi, mchana na jioni uangalie. Iache nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite, joto linapunguza umeme. Kufunga kwenye kontrola, kile kiboksi kinachoongoza chaji ya betri, unaanza na betri, unafuata paneli, unamaliza na taa, na kufungua unarudi nyuma: taa, paneli, betri mwisho. Kwenye waya chanya wa betri weka fyuzi, tena karibu kabisa na betri, manake hiyo betri ina uwezo wa kuchoma nyumba. Ya lithiamu hakikisha kontrola imesetiwa lithiamu.

Na waya. Naomba mnisikilize kwenye waya. Kuna mama mmoja tivii yake ilikuwa inazima kila ikifika saa mbili usiku, ameshabadilishiwa betri mara mbili na fundi wake na tatizo liko palepale. Nilipopima kwenye betri nikakuta volti 12.2, nikaenda kupima kwenye plagi ya tivii, 10.9. Betri ilikuwa jiko la nje, nyumba kubwa ipo mita kama kumi, na waya uliovutwa ni ule mwembamba wa spika. Kwenye volti 12 umeme mdogo ukipita kwenye waya mwembamba mrefu unaishia njiani, hata waya wa 1.5 kwa mita kumi ukipitisha ampea 5 unapoteza volti 1.2 hivi, tivii inaona betri imekwisha inajizima. Tulihamishia betri sebuleni kwenye kona yenye hewa, waya wa 4 kutoka kwenye paneli, tivii ikawaka mpaka taarifa ya habari ikaisha. Betri mbili alizonunua hazikuwa na kosa lolote. Kwaiyo betri ikae karibu na matumizi, na ukibana hela bana kwenye idadi ya taa, usibane kwenye unene wa waya.

Kila asubuhi kabla jua halijapiga, pima betri ya asidi ikiwa imetulia: 12.7 imejaa, 12.2 ipo nusu, ukiona inashuka chini ya 12 mara kwa mara ujue mnatumia kuliko mnavyoingiza, punguzeni au ongezeni paneli. Futa vumbi kwenye paneli kila wiki kiangazi, kwa kitambaa laini na maji, asubuhi sio saa saba.

Kikoba kinunue kwa pamoja

Mnavyocheza kikoba ili kununua sahani na magodoro, chezeni kikoba cha umeme. Watu kumi na tano, kila wiki mnachanga, kila mwezi mnamaliza nyumba moja au mbili: kama yupo karibu na nguzo mnamlipia wayaring na 27,000, kama yupo mbali mnamnunulia sola. Faida ya kwenda dukani mkiwa kumi ni kwamba muuzaji anashusha bei, mnapata risiti, mnabeba mita yenu ya kupimia paneli, na fundi mmoja anakuja siku moja kufunga nyumba zote kwa bei ya jumla. Aanze nani? Nashauri aanze mwenye mtoto anayefanya mtihani na mzee anayeishi peke yake, sio mwenyekiti wa kikundi, ndio kikundi kitadumu.

Tengeni na kamfuko ka betri. Kila kaya iliyoungwa itoe kidogo kila mwezi hata buku mbili, ikae kwenye akaunti ya kikundi, siku betri ya mtu inakufa asirudi kwenye kibatari. Sola nyingi nilizozikuta zimekufa vijijini hazikufa kwa kuharibika, zilikufa kwa kukosa hela ya betri ya pili. Zahanati na shule ni hivohivo, msaada unakuja na paneli nzuri na kibao cha mfadhili, baada ya miaka michache betri zimeisha na hakuna aliyepangiwa kununua zingine, mama anajifungua kwa tochi ya simu ya nesi na paneli zipo juu ya paa. Kwenye bajeti ya kijiji au ya zahanati dai kifungu cha matengenezo kabla hamjapokea hicho kifaa.

Kupikia, kwa ufupi

Umeme wa taa hauondoi moshi jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na REA wamekuwa wakisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ambapo mwananchi analipa nusu, ulizia kwenye wilaya yako. Ukiwa na umeme wa D1 angalia jiko la umeme la presha. Maharage yanaiva kwa kama nusu yuniti, ambayo kwa D1 ni shilingi 60 hivi, na hakuna mkaa wa 60 unaoivisha maharage. Ulinde tu ule mpaka wa yuniti 75, ukizidisha yuniti za juu yake zinakuwa ghali mara tatu na zaidi. Usijaribu kupikia na ile sola ya wati 100, haiwezi kabisa.

Umeme uingize hela

Kaya inayolipa LUKU kwa hela ya kuuza kuku inachoka. Kabla umeme haujafika mjue nani ataanzisha nini: saluni, kuchomelea, kutotolesha vifaranga, friji ya maji na samaki, kuchajisha betri za boda za umeme zinazoanza kuingia. Mwenye mashine ya kusaga aombe thrii fezi, ule umeme wa mashine kubwa, toka mwanzo na aseme ukubwa wa mota, manake transfoma ndogo ya kitongoji ikibebeshwa mashine mbili bila kujulikana, jioni taa za watu wote zinakuwa nyekundu na mnaanza kugombana. Pampu ya kumwagilia ya sola inayofanya kazi mchana haihitaji betri kabisa, unajaza tenki juu, ndio uwekezaji wa jua unaorudisha hela haraka kwa mkulima wa bustani.

Na mwisho, kitongoji kiwe na mafundi wake wawili, mmoja awe msichana au mama, manake ndio yupo nyumbani kifaa kinapozima na hahami kwenda mjini mwezi ujao. Pale Kinyasini Unguja kipo kituo cha Barefoot College kinachofundisha wanawake wa vijijini kuwa mafundi sola, wengine hawakufika mbali na shule, na wanarudi makwao kufunga na kutengeneza. Wanunulieni wale wawili sanduku moja la kitongoji: mita ya kupimia, bisibisi ya kupimia umeme, koleo, tepu ya kufungia waya, fyuzi za akiba, viunganishi vya paneli na daftari la kuandika kila betri imefungwa lini na ya nani. Sola ndio watengeneze wenyewe, mita na nguzo za TANESCO wasiguse, wapige simu ofisini.